Sauti ya Binadamu Hutangulia

Kampuni imetamka, kwa herufi nene juu ya kila boksi, kwamba katika kifaa chake cha intaneti isiyo na waya sauti ya binadamu hutangulia kila kitu. Video husubiri. Barua pepe husubiri. Masasisho ya programu, ambayo hayana haraka, hukaa nyuma kabisa. Tamko lilipitishwa na wakuu wote wa idara, na hakuna aliyelipinga, hata mhandisi wa viendeshi, mama mmoja mwenye miwani ya kamba ambaye wenzake walimwita Shangazi Foleni.

Jina alilipata kazini. Kiendeshi ni programu inayokaa kati ya mfumo wa kifaa na chipu ya redio, na ndani yake mna foleni nne za kwenda hewani. Yeye ndiye aliyezitunza tangu mwandishi wa kwanza wa kiendeshi hicho alipohama. Foleni alizijua tangu utotoni. Baba yake alikuwa opereta wa simu hospitalini, na yeye akitoka shule hukaa nyuma ya kiti chake, katika kile chumba chenye harufu ya nta ya sakafu na vumbi lililopata moto, akitazama taa ndogo zikiwaka kwenye ubao wa kuunganishia simu. Wodi zilitangulia. Mkurugenzi alisubirishwa, tena kwa adabu nyingi hata akashukuru. Binti akipiga kutoka nyumbani kuuliza ufunguo uko wapi, aliambiwa, "Wewe wa mwisho, mama. Kuna watu wanaumwa." Akawa wa mwisho kweli, ila hakuwahi kukatwa.

Sasa mzee amestaafu, anaishi mbali kwa mwanawe mkubwa, na kila Jumapili alikuwa akimpigia binti kwa intaneti, ambaye nyumbani kwake alitumia kifaa hicho hicho cha kampuni. Sauti ilimfikia binti vipande vipande. Mzee akavumilia kuombwa arudie, akavumilia, mwisho akatoa uamuzi wa kitaalamu: laini mbovu hufungwa. Angeandika ujumbe. Wa kwanza ulisema "Nzuri." Wa pili ukasema "Nzuri" pia. Binti akaona kwamba hivi ndivyo atakavyompoteza baba yake, mzee akiwa mzima wa afya.

Akapeleka malalamiko ofisini kama mteja yeyote. Mjaribu wa vifaa, aliyeitwa Profesa kwa sababu hakuwahi kumaliza chochote, akataka kujua kama mzee bado ana meno yote. Meneja akamwonyesha boksi.

Ikabidi Shangazi Foleni achunguze mwenyewe. Akafungua hesabu zinazoonyesha pakiti, yaani vifurushi vidogo vya data, ngapi zimepita katika kila foleni, akahakikisha hakuna anayepiga simu, kisha akaanzisha sasisho kwenye kompyuta. Hesabu ya foleni ya sauti ikaanza kukimbia.

"Profesa, nani anaongea?"

"Hakuna mtu."

"Basi huyo asiyekuwepo ana maneno mengi."

Profesa akavuta kiti. Wakalinganisha kiendeshi na maelezo ya chipu. Mfumo ulihesabu foleni kuanzia sifuri, na sifuri kwake ni wa kwanza mlangoni, yaani sauti. Chipu nayo ilianzia sifuri, ila sifuri yake ni yule asiye na haraka. Kiendeshi kilikuwa kikipitisha namba kama kilivyozipokea, kwa uaminifu wa tarishi, na sauti zote za binadamu zikapangwa nyuma ya masasisho. Kando ya mstari huo mwandishi wa kwanza alikuwa ameacha maelezo: Inafanya kazi.

"Na kweli inafanya," Profesa akasema. "Sema tu haijui kazi ya nani."

Rekebisho lenyewe lilikuwa dogo. Meneja akaliita boresho, kwa kuwa kilichokwisha kutamkwa hakirekebishwi.

Binti akambembeleza baba apige tena, mara moja tu. Jumapili mumewe akiwa na video yake sebuleni, na kompyuta ikivuta masasisho kwa makusudi, simu ikaita. Sauti ikaja nzima na mikwaruzo yake, ile ile ya ubaoni.

"Leo nimewekwa wapi?" mzee akauliza.

"Mbele ya wote, baba."

"Hakuna anayeumwa?"

"Hakuna."

Mzee akaridhika. Akasema hajambo, akauliza wa huko, akajibiwa hawajambo. Binti akasikia kiti kikilia, akamsikia baba akipumua kwa pua kama zamani, alipokuwa akingoja taa iwake. Wakakaa hivyo kitambo kirefu, foleni ya sauti ikiwa mbele ya kila kitu, na hakuna aliyesema neno.