Magaga ya Mkamuaji Rubisi

Kilabuni Kimuli, mama anayeuza mafuta ya ngozi nyumba kwa nyumba alimsogelea mzee anayetukamulia rubisi, pombe yetu ya ndizi.

"Shikamoo baba. Njoo tuuze wote. Wanaume wenzako mimi hawanisikilizi."

Mzee akacheka hadi kibuyu kikamtetemeka. "Mafuta ni mambo ya wanawake."

"Na ndizi za rubisi hukanyagwa na nani?"

"Wanaume! Mwanamke hata hasogei."

Mama akainama, akakitazama kisigino cha mzee kilichopasuka. "Kwa magaga haya, baba?"

Sisi wanywaji tukaweka vibuyu chini, mmoja baada ya mwingine.

Jana mzee alibisha hodi kwangu, mkoba wa mafuta begani. Nilinunua makopo mawili. Moja nilimrudishia, apake kabla hajakanyaga.