Hakupepesa Jicho

Desemba ile tuliyotahiriwa, ndugu yangu hakupepesa jicho. Ni mtoto wa baba mkubwa. Tulizaliwa mwaka mmoja, tukasoma darasa moja pale Turwa, tukasimama mbele ya kisu asubuhi moja. Mimi nilipepesa, na shangazi zangu hawajanisamehe mpaka leo. Yeye aliimbiwa njia nzima kurudi nyumbani. Nilipomuuliza kama iliuma, alisema, "Sikusikia kitu. Siku hizi sisikii kitu chochote."

Tukaona anajigamba.

Januari akaacha kula pamoja nasi. Akawa haogi, anashinda nyuma ya zizi akibishana na mtu ambaye sisi hatumwoni. Baba mkubwa akasema ni bangi, mama yake akasema ni mkono wa mtu. Mimi nilikuwa kidato cha tatu na nilijua. Hilo ndilo linaloniuma. Mwalimu alitufundisha magonjwa ya akili, na kwenye mtihani niliandika kwamba mgonjwa asichekwe, asindikizwe hospitali mapema. Nikapewa vema, tena kubwa, ya wino mwekundu.

Wiki hiyohiyo akanishika mkono njiani. "Mura," akaniita, kama tunavyoitana vijana wa Kikurya tuliokwisha kutahiriwa, "kichwa changu hakiko sawa. Nisindikize hospitali. Peke yangu naogopa."

Nikalifikiria benchi la wagonjwa wa akili. Liko barazani, kila apitaye barabarani analiona, na wasichana wa darasa letu walipita pale kila siku.

"Mura," nikamjibu, "watu watatuona."

Hakuniomba tena. Kumbe kusema vile kulimtaka ujasiri mkubwa kuliko kisu, na huo hakuna aliyemwimbia, mimi nikiwa wa kwanza. Mshenzi mkubwa mimi, na vema yangu.

Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu ameshaota ndevu. Ndugu yangu sasa anashinda stendi bila viatu, anapanga vizibo vya soda kwa rangi, na watoto wanamtania.

Jumatatu iliyopita nilimfuata na shati safi. Nikamwambia twende hospitali, nitakaa naye kwenye benchi lile hata mpaka jioni. Alinitambua. Akaacha vizibo vyake, akatazama kushoto na kulia, kisha akaniinamia sikioni.

"Mura," akasema, "watu watatuona."