Siku niliyotafsiri polymerase kwa Kisukuma, na mpaka leo sielewi kwa nini baba alikubali

Wakuu, wakubwa shikamooni, wadogo zangu mambo vipi.

Hii imetokea nyumbani kwetu Kibaoni, huku Mpimbwe, baada ya mavuno ya mpunga. Anayetaka kubisha abishe, ila mimi nilikuwepo na kichwa hakijatulia.

Mimi ni fundi simu, nina kibanda Shanwe, Mpanda mjini. Sayansi niliiacha form two, na yenyewe ikaniacha.

Mwenye kichwa cha shule kwenye ukoo ni mdogo wangu wa kike, Limi. Kasoma chuo Dar mambo ya virusi, sasa kapata scholarship ya masters nje ya nchi. Kilichobaki ni baraka za baba. Na kwetu bila baraka za mzee, safari hakuna.

Mzee akakataa.

Siyo kwamba hapendi shule, huyo huyo aliuza ng'ombe kumsomesha. Shida ni kitu anachoenda kusomea: mafua.

Mama yetu alianza na mafua. Sote tukasema mafua tu haya, tangawizi na limau yatapita. Yakashuka kifuani. Tulipomfikisha hospitali alikuwa hata kuongea hawezi, na nyumbani hakurudi.

Kwa hiyo Limi alipotaja mafua, baba alisema, "Yalinichukulia mke. Sasa yanataka na binti?"

Baadaye akalegeza kidogo. "Haya, nielezeni. Sitoi baraka kwa kitu nisichokijua." Kiswahili anakisikia vizuri, ila mambo mazito anayataka kwa Kisukuma. Na Kisukuma cha Limi kimeshaliwa na Dar. Mkalimani nikawa mimi. Jamani!

Niseme pia kwamba wiki hiyo mzee mwenyewe alikuwa na mafua. Limi tangu afike ni amri tu: kohoa kwenye kiwiko, nawa na sabuni, kaa mbali. Alimwamrisha mpaka baba.

Basi tukakaa nje baada ya chakula cha mchana. Limi akaanza: ndani ya kirusi cha mafua kuna mashine inaitwa polymerase, ina sehemu tatu, PB2, PA na PB1. Hiyo ndiyo inanakili virusi vipya.

Nikatafsiri mashine. Baba akauliza, "Ya kusaga?"

Nikamwambia hapana, ya kunakili.

Limi akaendelea. Mwili wako unatuma maagizo ndani ya seli, na kila agizo lina kofia kichwani. Lisipokuwa na kofia, halisomwi. Kirusi hakina kofia. Kwa hiyo PB2 inashika agizo la mwenye mwili, PA inakata kile kichwa chenye kofia, PB1 inaungia hapo hapo agizo la kirusi. Seli ikiona kofia inadhani ni mali ya nyumbani, inamhudumia mwizi.

Hapo nilikwama kinoma. Maagizo yanavaaje kofia kwa Kisukuma? Nikatoa kilichonijia: hereni, ile ya utambulisho anayovalishwa ng'ombe sikioni. Nikamwambia baba, ni kama mtu kakata hereni ya ng'ombe wako, kamvalisha wa kwake, mnadani anapita bila kuulizwa.

Nilikosea, wakuu. Dume la mzee liliwahi kuibwa hivyo hivyo. Akasimama na fimbo yake.

"Mmoja anashika, mmoja anakata, mmoja anaunga. Ni kina nani hao? Majina!"

Ikabidi nimtajie tena, PB2, PA, PB1, na yeye anayarudia kama anayapeleka kwa sungusungu. Limi kainamisha kichwa. Nikajua tumeshaharibu, masters imekwenda na maji.

Kisha baba akakaa taratibu. Akamuuliza Limi, safari hii kwa Kiswahili, "Na yule aliyekatwa hereni, anakuwaje?"

"Hana kazi tena, baba. Agizo lake halisomwi. Mwisho seli yenyewe inakufa."

"Kwa hiyo mama yenu hakuwa dhaifu. Aliibiwa."

"Ndiyo baba. Aliibiwa."



Baba akauliza kama huyo mkataji, PA, hawezi kufungwa mikono. Limi akasema dawa ya kumfunga ipo, lakini PB1 ananakili kwa makosa makosa, na katika makosa hayo huwa anatokea mkataji ambaye kamba haimshiki. Ndicho anachoenda kusomea.

Sasa nyie, hapa ndipo nilipotea kabisa. Mimi nikirudisha simu za watu na makosa hivyo, kibanda nafunga. Huyu anakosea na ndiyo anazidi kustawi! Inakuwaje?

Baba akaagiza maji kwenye kikombe. Nyumbani kwetu baraka za mzazi ni funda la maji, anakupulizia usoni. Na mzee kamasi zinamtoka, wakuu. Nikamwangalia Limi, yule wa viwiko na sabuni. Nikasema moyoni, hapa atarudi nyuma, na akirudi nyuma yameisha.

Limi akapiga magoti, akainua uso, akafumba macho. Mzee akampulizia yote. Wala Limi hakujifuta.

Mpaka leo najiuliza baba alielewa nini. Polymerase? Au alikuwa anangoja tu mtu amwambie kwamba hakumuua mama kwa kuchelewa kumpeleka hospitali? Nikimuuliza ananijibu, "Kafanye kazi yako."

Nilichoambulia ni hiki: mzee akikukatalia, tafuta kwanza anaogopa nini ndipo umkasirikie. Zaidi ya hapo niko gizani. Mliosoma biolojia, na mliolelewa na wazee wa namna hii, mwageni mnachojua, nasoma kila comment.

Limi alinipigia akiwa Dar anangoja ndege. Sauti imeziba. Nikamuuliza, vipi tena wewe?

"Nina mafua ya baba," akasema. Akacheka, halafu nikamsikia analia.