Makala yangu, kazi ya Nadine

Leo nimeitwa mwizi wa makala niliyoiandika mwenyewe.

Mwezi uliopita rafiki yangu Nadine aliomba kuichapisha tena kwenye tovuti yake. Nilikubali, mradi aweke kiungo cha kuwaleta wasomaji kwenye tovuti yangu.

Leo asubuhi, kwenye mahojiano ya kazi, mhariri akaitafuta makala hiyo mtandaoni. Ikatokea nakala ya Nadine tu, bila kiungo. Utafutaji wa mtandaoni ukikuta nakala mbili, moja huifukia. Yangu.

"Mademoiselle, hii article uliiba wapi?"

Nikampigia Nadine, mhariri akisikiliza.

"Ma chère, lien, kile kiungo, nilisahau tu! Article iko yako."

Nikapumua.

Mhariri akacheka. "Mimi natafuta mutu anaonekana ku internet. Nipatie numero yake."

Nikampa.

Sasa Nadine ananiuliza avae nini Jumatatu, siku yake ya kwanza kazini.

Mngemjibu nini?