Mpagazi wa Tobias na Kidole Kilichohama

Abasi Mabruki alizaliwa Tabora mjini, katika nyumba ya mafundi. Babu yake alishona matandiko ya punda, baba yake alishona viatu vya ngozi, na Abasi mwenyewe, ngozi ilipoadimika, akaangukia kwenye matairi. Alikata makatambuga. Mwaka ule watu walipohamishiwa vijijini, mkewe Mwanne, ambaye kwao ni Goweko, alisema yeye anakwenda kulima na ndugu zake. Anayetaka kubaki mjini na abaki. Abasi akafunga kisu, patasi na matairi mawili ya lori, akamfuata.

Walipewa kiwanja cha mwisho katika kijiji kipya, mwendo wa nusu saa kutoka stesheni, pale ilipopita zamani njia ya misafara, ile ya wapagazi na pembe za ndovu kwenda pwani. Njia yenyewe ilikuwa imebaki mfereji tu uliojaa majani. Abasi hakuwa mtu wa maneno. Akikutana na mtu humtazama miguu kwanza, halafu ndipo humwitikia salamu.

Jumamosi alikuwa hafanyi kazi baada ya adhuhuri. Jumamosi ndiyo siku aliyokuja Tobias.

Tobias alikuwa akiandika namba kwenye mabehewa ya reli kabla mgongo haujamshinda. Sasa alikaa Igalula, na kila wiki alipanda treni na sanduku lake hadi Goweko. Lilikuwa sanduku la majani ya chai, limetobolewa dirisha mbele, na ndani limetiwa miti miwili ya fagio yenye mpini. Kwenye miti hiyo alizungushia mkanda mrefu wa karatasi za mifuko ya saruji, zimegandishwa kwa uji wa muhogo na kuchorwa kwa mkaa, udongo mwekundu na buluu ya kufulia. Alilielekeza dirisha kwenye jua, akazungusha mpini, na picha zikapita moja baada ya moja huku yeye akisimulia. Kiingilio yai moja au kikombe cha karanga.

Hadithi ilikuwa moja, ya kutisha, na kila Jumamosi ilisogea kipande. Ilimhusu mpagazi aliyefia njiani, akaachwa bila kuzikwa na bila kichwa, naye sasa anaifuata njia ile ile akidai viatu vyake. Utamtambua kwa unyayo: mguu wa kushoto hauna kidole gumba.

Sasa, hadithi hiyo ilikuwa na matundu kama chujio. Abasi aliyaona yote. Siku moja, watu walipotawanyika, alisogea kwenye sanduku.

"Ndugu Tobias, wiki iliyopita kichwa cha huyu bwana kilipatikana."

"Kilipatikana, fundi."

"Leo hana."

"Leo hana."

"Kimekwenda wapi?"

Tobias alikuwa akifunga kamba. "Ulipokiona kichwa uliogopa zaidi, au unapoiona shingo tupu?"

Abasi akafikiri. "Shingo."

"Haya basi," alisema Tobias, akajitwika sanduku lake.

Nyumbani Mwanne hakumwacha. "Yai zima, Baba Maua! Kuku wetu anataga kwa ajili ya maiti asiye na kichwa. Na anavyodai viatu, anasema kwa mdomo upi?"

"Hilo hata mimi nimeuliza."

"Ukajibiwa nini?"

"Sikujibiwa."

"Sasa unakwenda kufuata nini?"

"Nafuata ule mgongo," Abasi alisema.

Mgongo wenyewe ulikuwa hivi. Katika kila kipande, kwa vyovyote vile, ilifika mahali ambapo mpagazi amesimama ametupa kisogo, pembe begani. Hapo Tobias alinyamaza. Akauzungusha mpini taratibu, upana wa kidole kwa kidole, karatasi ikilialia ndani ya sanduku, na mpagazi akaanza kugeuka. Hapo ndipo mwili wa Abasi ulipomsisimka kuanzia kisogoni hadi viungoni. Alikuwa na miaka hamsini na mitatu, na hakukuwa na kitu kingine kilichomfanya hivyo.

Shida ilianza na kipande cha tatu. Ndani yake mpagazi alifika kwenye nyumba, akakuta katambuga la mguu wa kushoto limening'inizwa mlangoni, akapita bila kuingia. Jumatatu asubuhi Anton, kijana wa kuchochea moto kwenye bani, lile banda la kukaushia tumbaku, alikuja kwa Abasi akitaka kiatu.

"Pea?"

"Cha kushoto tu, fundi. Cha kulia kaa nacho."

Siku hiyo hiyo wakaja wengine wanne. Mwisho wa mwezi kila mlango ulikuwa na katambuga lake, na nyumbani kwa Abasi rundo la viatu vya kulia likawa linafika kiunoni. Hawakuwa watu wajinga. Kule walikotoka kila mtu alijua kaburi lipi ni la nani na kisima kipi kina habari gani. Hapa waliwekwa juu ya njia ya wageni, hawajui ardhi imemeza akina nani. Alipotokea mtu mwenye picha, wao walidhani wanapewa habari za mahali.

Ndipo moto ukazimika. Bani la kukaushia tumbaku hutaka moto siku sita mfululizo, mchana na usiku. Anton na mwenzake walisikia hatua nyuma ya ukuta, wakakimbia, na majani ya kijiji kizima yakaharibika. Jumamosi iliyofuata Tobias aliteremka kwenye treni akakuta wanamgambo wanamngoja. Sanduku likachukuliwa hadi ghalani, na Mwenyekiti Masele akaitisha mkutano saa nane mchana.

"Ndugu wananchi," alisema Masele, Msukuma mnene mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. "Tumekuja hapa kujenga. Huyu anakuja kutubomoa kwa mashetani. Pendekezo langu ni kwamba sanduku liingie kwenye moto wa bani, na mwenyewe asikanyage tena hapa. Mwenye la kusema?"

Tobias alikuwa amekaa juu ya gunia, mikono magotini. Abasi alilitazama sanduku, akaona kwamba Jumamosi zake zimo mle. Akanyoosha mkono. Watu wakageuka, maana hakuwahi kusema mkutanoni.

"Anton," alianza, "ulimwona?"

"Nilimwona, mzee, kwa macho haya mawili!"

"Kidole kilikuwa kimekosekana mguu gani?"

"Wa kushoto."

"Wa kushoto ni Jumamosi ya kwanza. Ya pili kilikosekana wa kulia. Ya tano kikarudi wa kushoto. Ya saba alikuwa na vidole vyote, na cha ziada. Mimi natazama miguu, ndiyo kazi yangu. Vilikuwa kumi na kimoja."

Mtu mmoja akacheka nyuma. Abasi hakucheka, alikuwa anakumbuka kwa utaratibu.

"Yule mjane wa kisimani aliuawa mara mbili, na mara ya pili jina lake lilikuwa jingine. Mtoto wake ana ndevu, mama yake hana mvi. Mpagazi anadai viatu naye amevivaa." Hapo akapunguza mwendo wa maneno, kama mtu anayefika penye msumari. "Na amevaa makatambuga. Ndugu zangu, misafara ilipita hapa kabla ya reli, kabla ya gari lolote. Tairi alilitoa wapi?"

Ghala likalipuka kwa kicheko. Mwanamke mmoja alijifuta machozi kwa kanga. "Fundi, unajiharibia biashara!"

"Marehemu wa zamani zile hajui katambuga ni mdudu gani," Abasi alimalizia. "Ukilitundika mlangoni unamtundikia nani?"

"Muulizeni Mwenyekiti!" sauti ilipazwa kutoka mlangoni. "Na kwake lipo!"

"Lile ni la mama watoto!" Masele alijibu, na hapo yeye mwenyewe akashindwa kujizuia, tumbo likamtikisika. Alipopata pumzi alitoa uamuzi. Hadithi isiyojua idadi ya vidole haiwezi kumfukuza mtu mzima kazini. Sanduku arudishiwe mwenyewe. Anton arudi kwenye bani leo hii, na akisikia hatua aulize vidole ni vingapi.

Abasi alimsaidia Tobias kubeba sanduku hadi stesheni. Walikwenda mpaka wakafika kwenye jukwaa.

"Yote yale uliyaona," alisema Tobias.

"Niliyaona."

"Na kila Jumamosi ulikuwa unakuja."

"Nilikuwa nakuja."

Tobias alipapasa ubavu wa sanduku. "Wameicheka kazi yangu, fundi. Afadhali wangelichoma sanduku." Treni ilipokuja alipanda bila kuaga.

Jumamosi iliyofuata hakuja. Abasi alikwenda stesheni na yai mfukoni, akarudi nalo. Mwanne alilikaanga. Milangoni viatu vilikuwa vimeanza kuteremshwa. Baadhi ya watu walikuja kuulizia vya kulia ili wapate pea, na rundo likapungua.

Jumamosi ya pili hakuja vilevile. Abasi alikaa kwenye benchi la stesheni mpaka taa ya nyuma ya treni ikapotea.

Ya tatu, Tobias akateremka na sanduku kichwani, mkanda wa karatasi umekuwa mnene zaidi. Hakumsalimu mtu. Alilielekeza dirisha kwenye jua.

Watu walijaa kuliko siku zote, ila walikuja kwa jambo jingine. Kila picha ilipopita walipiga kelele: "Jina limebadilika tena!" "Mtoto ana ndevu, mtazameni!" Hata Masele alikuwapo, anahesabu vidole kwa sauti. Ilikuwa kama kwenye mechi ya mpira. Tobias aliendelea tu kuzungusha, uso mkavu. Hakuwa amerekebisha chochote.

Abasi alikuwa mbele kabisa, na kando yake, kwa mara ya kwanza, Mwanne. Yeye alitoa yai lake mwenyewe.

Mpagazi akafika kisimani. Akasimama, kisogo kwao, pembe begani. Tobias akanyamaza. Mpini ukaanza kwenda polepole, na karatasi ikalia ndani ya sanduku.

"Kidole!" watu wakapiga kelele nyuma. "Leo kimehamia kulia!"

Abasi alikiona. Aliliona na tairi, hata kashata zake, yale meno yake, tairi la lori kabisa. Na nywele za kisogoni zikamsimama zote.

"Baba Maua," Mwanne alimvuta shati, "mbona ule mguu..."

"Nyamaza," alisema Abasi. "Anageuka."