Shashi Iliyozidi Kidonda

Muuguzi anayenitibu kidonda cha mguu hana haraka. Hunitoa damu, huizungusha kwenye mashine huku akiimba chinichini, kisha huniinulia kichupa nione maji ya manjano yaliyojitenga juu. “Babu, dawa hii ni yako mwenyewe, sijaazima kwa jirani,” husema kila mara. Nami hucheka kila mara, nisije nikawaza, maana daktari ameshataja kuukata mguu. Akishayadunga kandokando ya kidonda, hukata shashi bila kupima, mkono umeshazoea. Leo aliiweka, ikazidi pande zote. Akaiinua, akakiinamia kidonda, akaniangalia. “Babu wewe! Umeniharibia shashi yangu!” Akachukua tena mkasi, akakata kipande kidogo, na ule wimbo ukamtoka kwa sauti.