Mawe Mawili ya Mwalimu Tarimo

Harufu ya maganda ya kahawa yanayooza hunirudisha kidato cha tatu, katika shule moja ya mlimani juu ya Moshi, ambako ukungu uliingia darasani kupitia vioo vilivyovunjika. Nilitoka Kahe, kule tambarare kwenye joto na mifereji ya mpunga, nikakaa kwa shangazi ili nisome. Wanafunzi wa mlimani waliniita "wa porini," na Mwalimu Tarimo, aliyetufundisha fizikia, aliliokota jina hilo akalifanya lake. Alikuwa mrefu, shati lake halikuwa na kunyanzi hata moja, na fimbo hakuiacha nyuma. Nilimchukia tangu wiki ya kwanza, na sijapata sababu ya kubadili moyo.

Asubuhi moja aliandika swali ubaoni. Jiwe linaachiwa kutoka juu ya mnara wa mita arobaini. Papo hapo jingine linarushwa wima kutoka chini kwa kasi ya mita ishirini kwa sekunde. Yatakutana baada ya muda gani? Wenzangu walizama kwenye kanuni ndefu. Mimi nilijiweka juu ya lile jiwe linaloanguka, kama sisimizi aliyeling'ang'ania. Dunia inayavuta mawe yote mawili sawasawa, kwa hiyo mvuto wake haubadilishi kitu kati yao. Nikiwa pale juu, ningeliona jiwe la chini likinijia kwa kasi ileile ya ishirini mpaka tugongane. Arobaini kugawanya kwa ishirini. Nikanyoosha mkono nikasema ni sekunde mbili.

"Nani amekuonyesha?"

"Hakuna, mwalimu. Nimefikiri."

"Kahe nako siku hizi mnafikiri?" Darasa likacheka. Alidai nimechungulia kitabu chake, akanichapa viganja mpaka vikavimba, kisha akatangaza kwamba nahamishiwa masomo ya sanaa, na nisirudi bila mzazi.

Mama alipanda mlima siku iliyofuata, khanga imefungwa kiunoni kama mtu anayekwenda shambani. Mbele ya mkuu wa shule, mwanamke mpole aliyemwogopa Tarimo kama sisi tulivyomwogopa, mama alinishika mikono akaionyesha. "Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni," alisema. "Mpeni swali jingine hapahapa. Akishindwa namchukua."

Tarimo akatabasamu. Jiwe linaachiwa kutoka mnarani. Sekunde moja baadaye linaachiwa la pili. Je, umbali kati yao utabaki uleule? Ulikuwa mtego. Alitaka niseme utabaki, kwa kuwa mvuto ni mmoja. Chaki aliyonipa iliniuma viganjani. Nikasema utazidi kuongezeka. La kwanza limeshapata kasi wakati la pili linaanza, na kasi hiyo linabaki nayo zaidi ya mwenzake, mita kumi kila sekunde, mpaka litue.

Mkuu wa shule alimtazama Tarimo. Tarimo akatazama dirishani. "Anabaki sayansi," mkuu akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Tarimo hakusema nimepatia. Mpaka namaliza kidato cha nne, hakuniuliza swali tena wala kuniita jina.

Sasa nafundisha fizikia mjini, na ninapanga chumba mtaa wa Pasua. Mwaka huu nilikutana naye kwenye sherehe ya kipaimara, amestaafu, amezungukwa na watu. "Huyu nilimtengeneza mimi," akawaambia.

"Shikamoo, mwalimu," nikasema. "Hukunitengeneza. Ulinipiga."

Baadaye jamaa walinivuta pembeni: mzee yule, samehe, ukali wake ndio uliokufikisha hapo. Nimeyasikia maneno hayo maisha yangu yote, hata kwa walimu wenzangu wanaobeba fimbo leo. Jirani yangu wa dawati, Anjela, alichapwa na mkono uleule, akahamishiwa sanaa, na mpaka leo akiona hesabu hugeuza uso. Alikuwa na akili kunishinda. Tofauti yetu ni kwamba mama yake alikuwa amefariki, na hakuna aliyempandia mlima.